Kumi na Moja Kati ya Ishirini

Hakuna kitu kinachomuuma mwalimu kama kusahihishwa. Mgonjwa ukimwambia ana homa, atakushukuru. Fundi ukimwambia meza yake inayumba, atatafuta msumari. Lakini mwalimu wa fasihi mwenye miaka kumi na miwili kazini, umpe kumi na moja kati ya ishirini kwa wino mwekundu, kisha chini yake umwandikie, "Umeeleza vizuri sana mawazo ya mtu mwingine. Wewe mwenyewe unaonaje?" Huyo umemtafuta. Na Bi Ukurasa, Ijumaa ile saa nne asubuhi, alikuwa ametafutwa kwelikweli.

Jina hilo hakuzaliwa nalo. Wanafunzi ndio waliomtunuku, kwa sababu darasani kwake husemi neno bila kuonyesha ulikolitoa. Ukisema mhusika ni mkarimu, "Ukurasa gani?" Ukisema ni mwoga, "Ukurasa gani?" Wapo wanaoapa kwamba kuna mwanafunzi aliomba ruhusa ya kwenda msalani akaulizwa ukurasa. Hilo ni chuku, lakini lilikaribia ukweli kiasi cha kuaminiwa.

Mkasa wenyewe ulitokea hivi. Shuleni pale walimu wa fasihi ni wawili, na wakati wa mtihani hubadilishana karatasi: huyu anasahihisha za darasa la yule, asiwepo wa kupendelewa. Mwanafunzi haandiki jina, anaandika namba tu. Na kila mwalimu, kabla ya kushika kalamu nyekundu, huandika kwanza jibu lake la mfano ili awe na cha kulinganishia. Bi Ukurasa, aliyekuwa na yake kichwani wiki ile, aliliandika lake kwenye karatasi zilezile za mtihani, likachanganyika na za wanafunzi, akafunga bunda kwa kamba, akampelekea mwenzake.

Huyo mwenzake walimwita Mgeni. Alikuwa na miaka miwili pale, lakini aliingia katikati ya muhula, siku ambayo walimu walikuwa na kikao, mkuu wa shule akasema "tuna mgeni," basi jina likamganda. Mtu mrefu, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kukutazama mpaka umalize unachosema hata kama unasema upuuzi. Tabia hiyo ndiyo iliyomponza Bi Ukurasa. Hakuzoea kusikilizwa mpaka mwisho.

Alimkuta stoo ya vitabu, amepiga magoti sakafuni, anahesabu Matofali.

Tofali ni ile riwaya ya lazima. Kila shule ya serikali, kila kidato cha nne, mwaka nenda mwaka rudi. Jaladani ina jina zuri tu, lakini kwa kurasa zake mia tatu arobaini hakuna mwanafunzi aliyewahi kuiita vingine. Shule ilikuwa na nakala arobaini na mbili, kila moja imegongwa namba mgongoni, na mwalimu anayehama hasainiwi karatasi ya kuondoka mpaka zote zirudi. Mgeni alikuwa anahama. Barua ya uhamisho ilifika wiki moja nyuma: shule nyingine, safari ya siku nzima, aripoti Jumatatu.

"Mwalimu, hii karatasi umeisahihisha wewe?"

"Aa, hiyo!" Mgeni akainuka, uso umemchangamka. "Nilitaka kukuuliza. Haina namba. Ni nani huyo darasani kwako? Ana lugha tamu, nakwambia, mpaka nilirudia kuisoma. Ila mwoga. Kila akitaka kusema lake anakimbilia kwenye notisi, anajificha."

"Ni mimi."

Mama Stoo, aliyekuwa pembeni anaandika namba kwenye daftari, alikumbuka ghafla kwamba ana chai inapoa mahali. Akatoka mbio mbio.

"Ni wewe," Mgeni akarudia.

"Ni mimi. Hilo ni jibu la mfano."

"Basi mimi sikuliona la mfano."

"Unanidhihaki?"

"Sikudhihaki. Kwa kukudhania mwanafunzi, samahani, inatoka moyoni. Kwa maksi, hapana. Ni kumi na moja zilezile."

Angejua kuomba radhi vizuri kidogo, labda kisa hiki kisingeandikwa. Lakini wapo watu ambao ulimi wao haujui kupinda, na bahati mbaya au nzuri, ndio hao hao mioyo yetu huwafuata.

"Jibu hili," Bi Ukurasa akasema, "limefundishwa miaka na miaka kabla hujashika chaki. Baba yangu alilifundisha darasa hilo hilo ninalofundisha. Watoto wamefaulu nalo. Wewe ni nani?"

"Mimi ni msomaji tu. Swali linasema, kwa nini binti wa mfinyanzi hakuondoka? Jadili. Sasa njoo tujadili."

Kwa msomaji ambaye hakupitia kidato hicho: mwishoni mwa Tofali, dereva wa lori anayempenda binti wa mfinyanzi anamsubiri barabarani. Binti amefunga mfuko wake, amefika mlangoni. Anasimama. Kisha inakuja ile sentensi ya mwisho ambayo kila aliyesoma shule anaijua kwa kichwa: *Akautua mfuko, akarudi jikoni kuuchochea moto.* Kitabu kimeisha. Lori linaondoka au haliondoki, hatuambiwi.

"Umeandika," Mgeni akaendelea, "hakuondoka kwa kuwa baba yake asingekubali. Asingeweza kuishi bila yeye. Sawa. Asingekubali, ukurasa gani?"

Tangu aanze kazi, Bi Ukurasa alikuwa hajawahi kuulizwa swali hilo. Lilikuwa lake, bwana. Ni kama mtu kuibiwa mwavuli akauona juu ya kichwa cha mwingine.

"Liko wazi. Halihitaji ukurasa."

"Mwalimu! Wewe unasema hivyo?"

"Mgeni, tunazungumzia kitabu au tunazungumzia nini?"

Hapo Mgeni akamtazama. Maana wote wawili walijua. Siku ile barua ilipofika, alimkuta chumba cha walimu peke yake, akamwambia bila kupamba: "Nakupenda. Nataka nije kwenu kwa utaratibu, na wazee wangu. Lakini sitaki kuja kama wewe mwenyewe hutaki. Unanitaka?" Na Bi Ukurasa, ambaye alikuwa anamtaka mpaka usingizi umemwisha, alijibu, "Baba hawezi kuachwa." Akachukua chaki zake akaenda darasani. Ndiyo wiki aliyochanganya karatasi.

"Tunazungumzia vyote," Mgeni akasema taratibu. "Nilikuuliza wewe, ukanijibu baba. Ningejibiwa 'sikutaki', ningeumia, lakini ningejua pa kuanzia. Hivi mzee amesema nini hasa?"

"Hana haja ya kusema. Namjua."

"Hujamuuliza."

"Kuna mambo hayaulizwi! Mimi ni mtoto wake wa pekee. Mama alipofariki tulibaki wawili. Akiumwa ni mimi, akila ni mimi. Unataka nimwambie nini, baba kwaheri, nimepata mwanamume?"

"Nataka umuulize. Basi. Akikataa nitakuja nimpigie magoti. Lakini siwezi kumpigia magoti mtu ambaye hajakataa."

Machozi yakamjaa, na kwa kuwa hakutaka yaonekane, alifanya kitu cha kitoto: akachomoa nakala moja kutoka kwenye rundo lake, akaichomeka karatasi ndani, akaisukumia kwapani.

"Nitakuletea huo ukurasa. Nitakutia kidole machoni."

"Hiyo ni namba kumi na saba. Bila hiyo sisainiwi."

"Basi baki."

"Ningebaki," Mgeni akasema kwa sauti ya chini. "Ungelisema tu hilo bila hasira, ningebaki. Mama Stoo anafunga saa kumi. Nitakuwa hapa."

Kengele ikalia. Akampa kisogo.

Ijumaa vipindi huisha saa sita. Saa saba alikuwa nyumbani, na kabla hajafungua mlango pua ilishampa habari: sufuria imeungua. Mara ya tatu mwezi ule. Ya kwanza alidhani bahati mbaya, ya pili akamficha baba kiberiti. Sasa moshi umejaa jikoni, baba yake amesimama katikati na mwiko kama mtu aliyeshika usukani wa gari lisilo lake, na shangazi, dada wa baba, yuko mlangoni anapunga moshi kwa kanga na kusema asichoulizwa.

"Unamwona? Unamwona kaka yangu? Ndiye wa kuachwa huyu? Nasikia kuna mwalimu mmoja mrefu mrefu anakuzungukazunguka. Akuzunguke mpaka achoke! Wewe ukitoka humu, huyu tutamzika kwa njaa, sufuria zenyewe ndiyo hizo."

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba. Lakini nimeshasema."

Bi Ukurasa akamtoa baba mwiko mkononi, akaloweka sufuria, akakaa mezani na namba kumi na saba. Akaanza kutafuta. Alikijua kile kitabu kama njia ya kwenda kazini, lakini njia unayoipita kila siku ndiyo usiyoitazama. Alianza ukurasa wa kwanza, kalamu ya risasi mkononi, akipitisha macho haraka kutafuta neno moja tu la mfinyanzi kwa binti yake: usiende. Baki. Utaniachaje. Chochote.

Ukurasa wa hamsini, hakuna. Wa mia, mzee anagombana na wateja wa mitungi. Wa mia na hamsini, dereva anakuja, mzee anamkaribisha kiti, anamuuliza lori linabeba nini. Saa ikagonga nane. Alisoma mpaka sentensi ya mwisho, na mfinyanzi hakuwa amesema. Si mara moja. Akarudi nyuma haraka haraka, jasho linamtoka, kama aliyepoteza kitu cha mtu.

Karatasi ya mtihani ilichomoka katikati ya kurasa ikaanguka. Shangazi akaiwahi.

"Kumi na moja! Huyu mtoto mjinga ni wa nani?"

"Hebu," baba akasema, akavaa miwani. Alisoma polepole, midomo inacheza. Mzee huyu alifundisha fasihi miaka thelathini, na hata sasa hawezi kusoma tangazo la ukutani bila kuliwekea mkato. "Hili ni jibu langu. Neno kwa neno."

"Ndiyo, baba."

"Nimepewa kumi na moja?"

"Ndiyo, baba."

"Na nani?"

"Na mwalimu mwenzangu. Yule mrefu."

"Ahaa!" shangazi akapiga makofi. "Si niliwaambia? Hana hata adabu! Anamsahihisha mkwe kabla hajapewa mke!"

Bi Ukurasa hakumsikia. Akafikiri, saa nane na nusu. Akafikiri, nisipouliza sasa sitauliza tena, nitakuwa mwanamke wa miaka hamsini anayefundisha swali hili hili. Akapiga moyo konde.

"Baba, nimekisoma chote. Mfinyanzi alimkataza binti yake ukurasa gani?"

Mzee akavua miwani. Akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena.

"Hakuna," akasema.

"Unajua?"

"Nimejua miaka yote."

"Basi mbona umetufundisha..."

"Kaa chini kwanza, mama. Hilo jibu mnaloliita langu, si langu. Ni lako."

Shangazi akaacha kupunga kanga.

"Ulikuwa na miaka kumi na saba," baba akasema. "Dawati la mbele, upande wa dirisha. Mama yako hajamaliza miezi minne kaburini. Nikafika mwisho wa kitabu, nikauliza darasa: kwa nini hakuondoka? Ukanyoosha mkono. Ukasema, kwa sababu baba yake asingekubali, angebaki peke yake. Sauti yako ilikuwa imekauka kwa kulia. Nilijua si sahihi. Mwaka wa kabla yake nilikuwa nafundisha kwamba binti aliogopa tu, kwamba mzee angeulizwa angemfungia mfuko kwa mikono yake. Ningeweza kukuuliza ukurasa gani. Nilishindwa. Nilifurahi, mwanangu. Niliogopa kubaki peke yangu, na wewe ukaniahidi mbele ya darasa zima. Nikasema vizuri sana, nikaliandika ubaoni. Halafu nikaona aibu kulifuta. Mwaka uliofuata likawa kwenye notisi. Na wewe ukazirithi."

Bi Ukurasa alilia. Hakujua analia nini: mama yake, au yule msichana wa dawati la mbele, au miaka yote aliyowapa watoto wa watu jibu la mtoto aliyefiwa.

"Fungua mia mbili na tisa," baba akasema.

Alifungua. Ni ukurasa ambao wanafunzi huucheka na kuuruka. Mfinyanzi anaamka kabla ya binti yake, anawasha moto mwenyewe, anaunguza uji, anacheka peke yake, na kesho yake anajaribu tena.

"Nilipokuwa kijana nilikuwa nauliza darasa, kwa nini mwandishi ameuweka huo? Mzee mwenye binti hodari jikoni, anahangaika na uji kwa lipi?"

Bi Ukurasa akaitazama sufuria iliyolowa. Ya tatu mwezi huu. Mwezi ambao habari za mwalimu mrefu zilianza kumfikia shangazi, na bila shaka shangazi hakuzifungia sandukuni.

"Baba," akasema. "Hizi sufuria..."

"Ya jana ilitoka vizuri kidogo. Ukaniwahi kabla sijaonja."

"Kaka, umerogwa!" shangazi akalia. "Utakula makaa?"

"Nitakula makaa yangu mwenyewe. Na wewe utanizoea." Kisha kwa binti yake, "Ulikuwa unangoja nikuruhusu, na mimi nilikuwa nangoja uniulize. Unampenda?"

"Nampenda, baba. Nampenda sana."

"Basi ajue huku tunataka wazee wake, si barua. Na mwambie kumi na moja ni nyingi. Mimi ningelipatia tano."

Saa kumi kasoro dakika sita aliingia stoo anahema. Mama Stoo alikuwa na kufuli mkononi. Mgeni alikaa juu ya kasha la chaki, na alipomwona alisimama haraka mpaka kasha likaanguka, chaki zikatapakaa. Hakuziokota.

"Umeupata?"

"Haupo."

Akampa namba kumi na saba. Mgeni akaifungua, akakuta karatasi ileile. Chini ya swali la wino mwekundu, *Wewe mwenyewe unaonaje?*, kulikuwa na mistari mipya, mwandiko umepinda kwa kuandikwa njiani: *Aliogopa kuuliza. Baba yake alikuwa anajifunza kupika. Tazama uk. 209. Mimi nimeuliza.*

Alisoma mara mbili. Alipoinua uso, macho yalikuwa mekundu kuliko kalamu yake.

"Na amejibu nini?"

"Ulete wazee. Nami nimejibu kabla yake. Nakutaka, Mgeni. Nilikutaka tangu siku uliponisikiliza nikilalamikia ratiba mpaka nikamaliza. Nenda uripoti Jumatatu, mimi nitaomba uhamisho kwa utaratibu, na darasa langu nitaliambia ukweli kabla sijaliacha. Sasa nisahihishie."

Mgeni akatoa kalamu mfuko wa shati. Akakata kumi na moja, akaandika kumi na tisa.

"Moja imekwenda wapi?"

"Umechelewa kuwasilisha."

Alicheka, akalia, akacheka. Mama Stoo akasema yeye haoni kitu, yeye anahesabu vitabu, na vitabu vimetimia arobaini na viwili, basi watu wasaini watoke, anafunga.

Jioni alipofika nyumbani moshi ulikuwa umetanda tena. Baba yake alikuwa ameinama mbele ya jiko, anapuliza, majivu kwenye nyusi, shangazi anatoa maelekezo kutoka mbali. Bi Ukurasa alisimama mlangoni, mfuko wake begani. Mikono ilimwasha kumpokea mwiko, mazoea ya miaka mingi hayaishi kwa mchana mmoja. Baba akageuka, akamwona, akasubiri.

Akautua mfuko, akavuta kigoda, akakaa. Akamwacha baba auchochee moto mwenyewe.